Kijipicha na Folda ya Video: Historia ya Hitilafu ya Meneja Faili

Meneja faili ni programu ambayo kwayo mtumiaji wa kompyuta huona, hunakili, huhamisha na kufuta mafaili yaliyohifadhiwa kwenye diski, na kwa kuwa kazi yake ya asili ilikuwa ya karani wa masjala anayesoma majina yaliyoandikwa juu ya majalada bila kuyafunua, si rahisi kuona mara moja kwa nini folda yenye video kumi inaweza kuiangusha ilhali folda yenye hati elfu moja hufunguka bila taabu. Hitilafu hiyo imewasumbua watumiaji wa Windows, wa Linux na wa mifumo mingine kwa zaidi ya miaka ishirini, na mara nyingi husingiziwa virusi au uchakavu wa diski, hukumu ambayo humfanya mwenye kompyuta afute diski nzima pamoja na video za harusi na za mazishi zilizokuwa salama kabisa. Chanzo chake ni uamuzi wa usanifu uliofanywa hatua kwa hatua katika miaka ya 1990, pale karani alipotakiwa sio tu kusoma majina, bali kufunua kila jalada na kutoa picha ndogo ya yaliyomo. Kila tiba ambayo mafundi huitumia leo ni alama ya hatua mojawapo ya safari hiyo.

Katika mfumo endeshi wa MS-DOS, uliotawala kompyuta ndogo za miaka ya 1980, habari zote ambazo meneja faili ilizihitaji kuhusu faili moja zilitosha katika baiti 32 za jedwali la folda: herufi nane za jina, herufi tatu za kiendelezi, alama za sifa, tarehe, saa, mahali faili linapoanzia kwenye diski, na ukubwa wake. Sekta moja ya diski, yenye baiti 512, ilibeba maingizo 16 ya namna hiyo, kiasi kwamba folda nzima ilisomwa kwa mizunguko michache ya diski laini. Programu ya Norton Commander, iliyoandikwa na John Socha na kutolewa mwaka 1986, ilijenga umaarufu wake juu ya msingi huo mwembamba. Ilionyesha orodha mbili za majina bega kwa bega, na faili likiwa bovu au zima, jina lake lilionekana vilevile, kwa sababu hakuna aliyegusa kilichomo ndani hadi mtumiaji alipoagiza.

Mifumo ya michoro iliyotokea wakati uleule haikuvunja kanuni hiyo, ingawa ilibadilisha sura yake. Kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981 na Apple Lisa ya mwaka 1983 zilionyesha hati na folda kwa aikoni, yaani alama ndogo za picha, na Macintosh ya mwaka 1984 ikaipeleka desturi hiyo kwa umma kupitia Finder, meneja faili iliyoandikwa na Bruce Horn na Steve Capps. Hata hivyo aikoni ya Macintosh ilitambulisha aina ya faili, haikuonyesha yaliyomo: kila faili lilibeba misimbo miwili ya herufi nne, mmoja wa aina na mwingine wa programu iliyoliunda, na Finder ilichagua mchoro kwa kuangalia misimbo hiyo tu. Windows nayo ilitegemea kiendelezi, zile herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina.

Badiliko lenye uzito lilikuja tarehe 24 Agosti 1995, Windows 95 ilipotolewa ikiwa na meneja faili mpya, Windows Explorer. Mambo mawili katika usanifu wake ndiyo yaliyoandaa hitilafu za baadaye. La kwanza ni kwamba mchakato mmoja, explorer.exe, ulibeba madirisha ya folda, eneo-kazi lote na upau wa chini wenye saa na kitufe cha kuanzia. Mchakato hapa ni programu ikiwa kazini pamoja na eneo lake la kumbukumbu. Ndiyo maana Explorer inapoanguka kwa sababu ya folda moja, aikoni zote na upau hutoweka kisha kurudi baada ya sekunde chache, tukio linalomtia hofu mtu asiyejua kwamba kompyuta yenyewe haijadhurika. La pili ni kwamba Microsoft iliwaruhusu watengenezaji wengine kuongeza uwezo wa Explorer kwa njia ya maktaba za DLL, yaani vipande vya programu visivyojiendesha vyenyewe bali hupakiwa ndani ya programu nyingine na kutumia kumbukumbu yake. Kipande cha namna hiyo kikikosea, na kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, mfumo endeshi haumuadhibu mgeni, humuua mwenyeji. Huko ndiko kuanguka, nako kunapaswa kutofautishwa na kuganda, ambako programu huendelea kuwa hai lakini haijibu kubofya wala kibodi.

Kijipicha, yaani picha ndogo inayotolewa katika faili lenyewe ili kuonyesha kilichomo, kilianza kupatikana katika folda za Windows 98 kwa mtu aliyejua pa kukiwasha, kisha kikawa jambo la kawaida katika Windows XP ya mwaka 2001, iliyotunza vijipicha katika faili lililofichwa la Thumbs.db ndani ya kila folda. Wakati huohuo kampuni ya Eazel, ambayo miongoni mwa waasisi wake alikuwa Andy Hertzfeld wa timu ya kwanza ya Macintosh, ilitoa meneja faili ya Nautilus 1.0 kwa ajili ya GNOME, mazingira ya eneo-kazi ya Linux, mnamo Machi 2001, nayo ilikuwa imejengwa tangu mwanzo juu ya wazo kwamba folda ionyeshe vilivyomo na siyo majina pekee. Eazel ilifunga milango miezi miwili baadaye, lakini programu yake ilibaki mikononi mwa jumuiya ya GNOME na ndiyo inayotumika hadi leo.

Kwa picha za kawaida, kazi hiyo haikuwa na hatari kubwa. Video ni jambo jingine, kwa sababu faili la video ni chombo chenye vitu vingi. Ganda lake la nje, kama AVI iliyoletwa na Microsoft mwaka 1992, hueleza tu namna mikondo ya picha na sauti ilivyopangwa. Mikondo yenyewe imebanwa kwa kanuni inayoitwa kodeki, na asiye na kodeki husika hawezi kuifungua hata kama analielewa ganda vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mfaransa Jérôme Rota alibadilisha kodeki ya MPEG-4 ya Microsoft, iliyokuwa imefungwa isitumike ndani ya AVI, na toleo hilo lililosambaa kwa jina la DivX ;-) likawezesha filamu nzima kuingia katika CD moja. Baada ya hapo kodeki ziliongezeka kwa kasi, na watu wakazoea kupakua vifurushi vilivyosakinisha kodeki nyingi kwa mkupuo, baadhi zikiwa zimeandikwa kwa haraka, nyingine zikirudia kazi ileile. Windows ilichagua ya kutumia kwa kulinganisha namba ya sifa ambayo kila kodeki ilijipa yenyewe, na bila shaka kila mwandishi alitaka yake ishinde. Meneja faili ilipohitaji kijipicha, ilimkaribisha mshindi ndani ya mchakato wake bila kujua ni nani.

Hapo ndipo folda ya video ilipopata sifa mbaya. Tatizo lililojulikana sana katika Windows XP lilihusu mafaili ya AVI yaliyopakuliwa nusu. Ganda la AVI huanza na kichwa chenye maelezo ya jumla, hufuatiwa na video yenyewe, na humalizikia na faharasa inayoorodhesha mahali pa kila fremu, yaani kila picha moja tulivu kati ya zile zinazounda mwendo. Faili likikatika kabla ya mwisho, faharasa haipo, na msomaji makini hulazimika kupitia megabaiti mamia, kipande kwa kipande, ili kuijenga upya. Explorer ilifanya hivyo bila kuombwa, ikitafuta tu muda na vipimo vya video ili ivionyeshe pembeni mwa folda. Prosesa ilipanda hadi asilimia 100, dirisha likaganda, na mtumiaji aliyejaribu kulifuta faili lile bovu aliambiwa kwamba linatumiwa na programu nyingine, ilhali programu hiyo ilikuwa Explorer yenyewe. Mafundi wa wakati ule walikuwa na dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuiondoa kwenye usajili maktaba ya shmedia.dll, iliyobeba kazi ya kusoma video kwa niaba ya Explorer. Ya pili ilikuwa kufuta katika sajili ya Windows, hifadhidata inayotunza mipangilio ya mfumo, ingizo ambalo namba yake ilianza na 87D62D94, na ambalo ndilo lililounganisha Explorer na msomaji wa AVI. Tiba hizo zote mbili hazikutengeneza chochote kilichoharibika. Zilimrudisha karani kwenye kusoma majina, na zilifaa kwa sababu hiyohiyo.

Muundo wa MP4, uliorithi umbo la QuickTime ya Apple na kuenea pamoja na simu za kamera, ulihamisha udhaifu huo badala ya kuuondoa. Ndani yake mna sehemu iitwayo moov, inayobeba ramani ya fremu zote, na nyingine iitwayo mdat, inayobeba video yenyewe. Kwa kuwa kamera haiwezi kujua ramani kamili kabla kurekodi hakujakoma, simu na kamera nyingi huandika moov mwishoni kabisa. Betri ikizimika katikati ya hotuba, au flash ikichomolewa kabla ya kunakili kukamilika, video hubaki bila ramani. Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako kwa miaka mingi filamu na nyimbo zimekuwa zikipatikana katika vibanda vinavyoziingiza kwenye flash na memori kadi za wateja, mafaili ya namna hiyo ni ya kawaida, na yana udanganyifu wa pekee: Windows inaponakili faili kubwa mara nyingi hulitengea nafasi yake yote mwanzoni, hivyo nakala iliyokatika inaweza kuonyesha ukubwa uleule wa faili kamili, na mtu akiangalia orodha ya majina haoni kasoro yoyote. Kasoro hujitokeza pale tu meneja faili inapojaribu kutoa kijipicha.

Hata kwa faili zima, kazi yenyewe si ndogo. Fremu nyingi katika video iliyobanwa hazijitegemei. Zinaeleza tu tofauti kati yake na zilizotangulia au zinazofuata, na ni chache tu, zinazoitwa fremu kuu, zinazobeba picha kamili. Anayetaka picha ya katikati ya filamu lazima atafute fremu kuu iliyo karibu, kisha asimbue, yaani afungue kile kilichobanwa, mpaka afike anapotaka. Kwa video ya 4K, fremu moja ina pikseli 3840 kwa 2160, na ikifunguliwa kwa baiti nne kwa kila pikseli huchukua zaidi ya megabaiti 33 za kumbukumbu, ilhali kijipicha cha pikseli 256 kwa 144 kinachotokana nayo hakifiki hata kilobaiti 150. Ffmpegthumbnailer, programu inayotumika sana katika Linux, kwa kawaida huchukua fremu iliyopo kwenye asilimia 10 ya urefu wa filamu. Ile ya Totem, kicheza video cha GNOME, hujaribu sehemu kadhaa na kukataa fremu iliyo nyeusi au ya rangi moja tupu, jambo ambalo humpendeza mtazamaji lakini huongeza mara ambazo kodeki inaitwa kazini.

Jibu la kweli la wahandisi lilikuwa kuitoa kazi hiyo nje ya meneja faili. Katika Windows Vista, iliyowafikia wanunuzi wa kawaida Januari 2007, vijipicha vya aina mpya vilianza kutengenezwa katika mchakato mwingine ulioitwa COM Surrogate, unaoonekana katika orodha ya michakato kwa jina dllhost.exe, na hifadhi yake ikahamishwa kutoka Thumbs.db za kila folda hadi mahali pamoja katika wasifu wa mtumiaji. Matokeo yake yaliwachanganya wengi. Explorer haikuanguka tena, lakini watu waliofungua folda za video walikutana na ujumbe uliojirudia kwamba COM Surrogate imeacha kufanya kazi, nao wakaamini kwamba sehemu hiyo ndiyo mbovu, wakatafuta namna ya kuizima. Mhandisi wa Microsoft Raymond Chen alieleza mwaka 2009 kwamba mchakato huo uliwekwa makusudi kama kafara: kwa kuwa Explorer haiamini msimbo wa watoa vijipicha, huwakabidhi kwa mchakato mwingine, ili wakianguka waanguke nao. Ujumbe ule ulikuwa ushahidi kwamba kinga inafanya kazi, na kosa la usanifu lilikuwa kumwonyesha mtumiaji habari asiyoweza kuifanyia chochote. Windows 7 iliyofuata mwaka 2009 ilipunguza chanzo chenyewe kwa kuja na uwezo wake wa kusoma kodeki ya H.264 pamoja na familia ya MPEG-4 iliyotumiwa na DivX na Xvid, na kwa hatua hiyo vifurushi vya kodeki vilipoteza sehemu kubwa ya sababu ya kuwepo.

Upande wa Linux ulifika mahali hapo mapema zaidi, na kwa utaratibu unaostahili kusifiwa. Kanuni ya pamoja ya vijipicha, iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili mazingira mbalimbali yaweze kutumia hifadhi moja, iliagiza kwamba kijipicha kiwe picha ya PNG ya pikseli 128 au 256, kipewe jina linalotokana na hesabu ya MD5 ya anwani ya faili, na kibebe ndani yake tarehe ambayo faili lilibadilishwa mara ya mwisho, ili kilichopitwa na wakati kitambulike. Kanuni hiyo ilitenga pia folda ya walioshindikana: video ikimshinda mtoa kijipicha, alama huwekwa humo, na meneja faili haijaribu tena hadi faili libadilike. Faida yake ni kubwa, kwa maana folda yenye faili moja bovu haimrudishi mtu kwenye kero ileile kila anapoifungua. Ina upande wake wa pili pia, kwa kuwa mtu akishasakinisha kodeki aliyokosa, vijipicha havitokei mpaka afute zile alama, na ndiyo sababu fundi wa Linux humwelekeza mtu kuondoa vilivyomo katika folda ya .cache/thumbnails kabla ya jambo jingine lolote. Kazi yenyewe ya kusimbua ilifanywa na programu ya nje, ingawa ukurasa wa sifa za video katika Nautilus uliendelea kwa muda mrefu kuendeshwa na kiongezo cha Totem kilichopakiwa ndani ya Nautilus yenyewe, na kubofya sifa za faili bovu kukaweza kuiangusha pale ambapo kuifungua folda hakukuiangusha.

Hadi hapo suala lilikuwa la usumbufu. Mwaka 2010 likawa la usalama, pale ilipogunduliwa kwamba kirusi cha kompyuta kiitwacho Stuxnet kilisambaa kwa kutumia faili la njia ya mkato ambalo aikoni yake, ilipoonyeshwa tu kwenye folda, iliiendesha programu haramu bila mtu kubofya chochote. Mwezi Julai 2015 Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium alitangaza udhaifu katika Stagefright, maktaba ya Android inayosoma video, ambapo simu iliweza kuvamiwa kwa ujumbe wa video ambao mfumo uliushughulikia kabla mwenye simu hajautazama. Google ilijibu katika Android 7.0 ya mwaka uliofuata kwa kuigawa huduma ya midia katika michakato mingi yenye mamlaka finyu. Novemba 2016 mtafiti Chris Evans alionyesha jinsi faili la muziki wa mashine ya zamani ya michezo ya Nintendo lilivyoweza kuiteka kompyuta ya Ubuntu 12.04 kupitia GStreamer, maktaba ileile inayotumika kutengeneza vijipicha vya video. Mwaka 2017 GNOME iliwaweka watoa vijipicha wake ndani ya bubblewrap, zana inayoufungia mchakato katika eneo dogo ambamo hauna mtandao wala uwezo wa kuona mafaili mengine ya mtumiaji.

Kwa kuijua historia hiyo, fundi anayekabiliana na folda inayoangusha meneja faili hufuata njia fupi. Kwanza huzima vijipicha, kwa chaguo ambalo Windows inalo katika mipangilio ya folda na Nautilus katika mapendeleo yake; folda ikifunguka kwa utulivu, imethibitika kwamba tatizo liko katika usomaji wa yaliyomo na si katika diski. Kisha hufuta hifadhi ya vijipicha, na akiwa bado anahitaji kumjua mkosaji, huhamishia nusu ya video katika folda nyingine na kurudia kugawanya hivyo mpaka libaki faili moja. Katika Windows, daftari la matukio la mfumo huandika jina la maktaba iliyokuwa kazini wakati wa kuanguka, na jina hilo likiwa la kodeki iliyotoka katika kifurushi cha zamani, kuiondoa kodeki hiyo kuna manufaa kuliko kusakinisha upya mfumo wote.

Kinga ya mchakato wa kando, hata hivyo, ilihusu vijipicha. Viongezo vinavyotia maneno katika menyu ya kitufe cha kulia cha kipanya, kama vile vya programu za kubana mafaili au za kubadili muundo wa video, bado hupakiwa ndani ya Explorer kama ilivyokuwa mwaka 1995, na mtu ambaye Explorer yake huanguka pale tu anapobofya video kwa kitufe hicho hupaswa kuvizima kimoja kimoja, akianza na vile visivyotoka Microsoft, mpaka apate kile ambacho kukizima kunaondoa tatizo.